Mfumo Unaamua, Karani Anajibu

Ndugu wa mgonjwa anayelipia kipimo katika hospitali ya umma Tanzania siku hizi hufika kwenye chumba cha eksirei akiwa ameshalipa. Amepewa kontroli namba, yaani namba ya kulipia Serikali, dirishani, ametuma fedha kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha umeingia, na kilichobaki ni mgonjwa kupigwa picha. Hapo ndipo anapojibiwa kwamba malipo hayajasoma. Hakuna anayebisha kwamba fedha zimetoka. Ujumbe upo na karani mwenyewe ameusoma. Lakini picha haipigwi. Karani hana la kufanya, mhasibu wa chumba cha pili hana la kufanya, na hata mganga mfawidhi akija kusikiliza, atakachoweza ni kumpigia simu afisa TEHAMA, ambaye naye atawatafuta wenzake wa makao makuu. Taasisi nzima, pamoja na vyeo vyake na mihuri yake, inasubiri mstari mmoja ubadilike kwenye kioo cha kompyuta, na anayesemwa kwa sauti ya juu muda wote huo ni karani.

Tumezoea kuijadili teknolojia ya habari kazini kwa vipimo vya kasi, gharama na idadi ya ajira zitakazopotea. Mijadala hiyo ina nafasi yake, ila inapita pembeni ya badiliko kubwa zaidi. Mfumo unapoingia ofisini, kinachohama kwanza ni mamlaka: uwezo wa kusema ndiyo au hapana unaondoka kwa mtu aliyeketi mbele ya mwananchi na kwenda kwenye kanuni zilizoandikwa na watu ambao mwananchi hatawaona, na ambao mara nyingi hata mwajiri wa karani hawajui. Kisichohama ni wajibu wa kujibu. Huo unabaki dirishani, kwa mtumishi wa ngazi ya chini kabisa, ambaye sasa anawajibika kwa uamuzi ambao hakuufanya, hawezi kuueleza na hana namna ya kuutengua. Pengo hilo halitokani na ubovu wa mashine. Linatokana na namna taasisi zinavyonunua mifumo bila kujipanga upya zenyewe.

Haki itendeke kwanza kwa upande wa mfumo. Yeyote aliyefanya kazi ya uhasibu enzi za kitabu cha stakabadhi anaujua ujanja wa kuweka kipande cha karatasi ngumu chini ya nakala ya juu ili kaboni isipitishe, mlipaji akaondoka na risiti ya kiasi alicholipa, kisha nakala ya kitabuni ikajazwa kiasi kidogo. Wizara na taasisi zilikuwa na akaunti nyingi katika benki nyingi, na Hazina ilijua kilichokusanywa baada ya muda mrefu, kwa kadiri kila taasisi ilivyopenda kueleza. Mfumo wa Serikali wa malipo ya kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, uliziba sehemu kubwa ya mianya hiyo kwa jambo rahisi: kila malipo yana namba yake, namba ina jina la mlipaji, kiasi na taasisi inayolipwa, na fedha haipiti mkononi mwa karani. Sina hamu ya kuona kitabu cha kaboni kikirudi, na ninawashangaa wanaokikumbuka kwa mapenzi.

Hata hivyo kitabu kile kilikuwa na sifa moja ambayo hatukuibeba tulipohama. Kilisomeka na kila mtu aliyehusika nacho. Mkaguzi alikisoma, mtuhumiwa alikisoma, hakimu alikisoma, na wote watatu waliweza kubishana juu ya mwandiko uleule. Aliyeiba aliweza kukamatwa kwa kitabu, na aliyesingiziwa aliweza kujitetea kwa kitabu hichohicho. Mfumo wa kielektroniki unahifadhi taarifa nyingi kuliko kitabu chochote, lakini anayeruhusiwa kuzifungua si yule anayetuhumiwa kwazo.

Tanzania iliwahi kulikuta swali hili mapema. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada za kuzihamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hazikwenda vizuri, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Vijana wakisikia habari hiyo leo hucheka, na kweli marufuku ile ilikuwa dawa kali kuliko ugonjwa, kwa sababu ilituchelewesha kwa miaka mingi. Lakini hofu iliyokuwa nyuma yake haikuwa ya kijinga: serikali changa yenye wataalamu wa kuhesabika iliona hatari ya kuwa na hesabu ambazo watumishi wake wenyewe hawawezi kuzisimamia bila kumwita mgeni. Tulipoifungulia milango kompyuta, tuliitupilia mbali hofu ile pamoja na marufuku yenyewe, badala ya kuigeuza kuwa kanuni.

Mfano unaoonyesha vizuri matokeo yake hauko kwenye ofisi yenye kiyoyozi, uko sokoni. Mkusanyaji wa ushuru, mara nyingi mtendaji wa mtaa au kibarua wa mkataba mfupi, huchukua mashine ya POS, kile kimashine cha mkononi cha kutolea risiti, asubuhi na kuzunguka kwenye meza za nyanya na dagaa. Mwenye meza analipa taslimu, mashine inatema risiti ya karatasi nyepesi ambayo maandishi yake hufifia ikikaa juani siku chache. Mtandao ukikata, mashine inahifadhi miamala na kuituma baadaye. Jioni mkusanyaji anaomba kontroli namba na kuziwasilisha fedha benki au kwa wakala. Kati ya risiti ya kwanza na kuwasilisha huko, fedha ya umma imekaa mfukoni mwake kwa saa nyingi, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja tena na tena halmashauri ambazo makusanyo ya POS hayakufika benki. Wizi upo, na si mdogo.

Lakini tazama kinachoonekana makao makuu ya halmashauri. Kwenye jedwali la mfumo kuna jina, namba ya mashine na kiasi kinachodaiwa. Mkusanyaji aliyekula fedha, aliyebonyeza sifuri moja ya ziada na ombi lake la kufuta risiti likakwama kwa mhasibu, na aliyeporwa akirudi jioni, wote watatu wanasomeka kwa namna moja: ni wadaiwa. Kiongozi anaposimama kwenye kikao na kusoma majina ya wadaiwa wa POS mbele ya kamera, anasoma matokeo ya mfumo kana kwamba ni hukumu. Mkusanyaji atakayetaka kusema neno hana karatasi ya kuonyesha. Risiti zimefifia, mashine imerudishwa, na taarifa za miamala zinafunguliwa na watu walewale wanaomdai. Wengi huona nafuu kulipa kidogokidogo, hata wasio na hatia.

Ningeshawishika kuamini kwamba hili ni tatizo la nchi changa, la mtandao hafifu na mafunzo haba, kama si kwa yaliyowapata wasimamizi wa matawi ya posta nchini Uingereza. Shirika la Posta la nchi hiyo lilianza mwaka 1999 kusambaza kwenye matawi yake mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, ambayo ilikuwa mali ya Fujitsu ya Japani na baadaye ikachukua jina hilo. Matawi mengi yaliendeshwa na watu binafsi kwa mkataba, aghalabu mume na mke wenye duka la kijiji, na mkataba uliwabebesha wao upungufu wa fedha. Mfumo mpya ukaanza kuonyesha upungufu ambao wenye matawi hawakuuelewa. Walipopiga simu ya msaada, wengi waliambiwa kwamba wao peke yao ndio wenye tatizo hilo. Walijaza pengo kwa akiba zao, wakakopa kwa ndugu, na wengine wakasaini hesabu za jioni wakijua hazilingani kwa sababu pasipo saini tawi lisingefunguliwa kesho yake. Saini hiyo ndiyo iliyokuja kuwafunga.

Shirika lilikuwa na mamlaka ya kushtaki kwa jina lake lenyewe, yaani mlalamikaji, mpelelezi na mwendesha mashtaka walikuwa chini ya dari moja. Kati ya 1999 na 2015, zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa makosa ya wizi, udanganyifu na kughushi hesabu, ushahidi ukitegemea Horizon, na sehemu kubwa ya kesi hizo zilifunguliwa na Shirika lenyewe. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Alan Bates, aliyepoteza tawi lake huko Wales, aliwakusanya wenzake hadi wakafika 555 katika kesi ya pamoja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzua upungufu wa uongo, na kwamba wahandisi wa Fujitsu waliweza kuingia kwa mbali na kubadili taarifa za tawi bila mwenye tawi kujua, jambo ambalo Shirika lilikuwa limelikana kwa miaka. Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja mwezi Aprili 2021, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta kwa mamia.

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kuishia kwenye hitilafu za programu. Mimi naona hitilafu ni sehemu ndogo. Programu zote kubwa zina makosa, na watengenezaji wa Horizon walikuwa na kumbukumbu za makosa yake. Kilichogeuza makosa kuwa maafa ni mpangilio wa taasisi: walioujua ubovu walikaa upande mmoja wa mkataba, waliobeba hasara walikaa upande wa pili, na katikati kulikuwa na mameneja ambao vyeo vyao vilitegemea kuamini kwamba mfumo ni imara. Sheria nayo iliwasaidia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 ilimtaka mwenye kuleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilionekana usumbufu, likafutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na tangu hapo mahakama zikadhani kompyuta ni nzima mpaka anayepinga athibitishe vinginevyo. Msimamizi wa tawi la kijijini angeithibitishaje hali ya seva ambayo hajawahi kuiona?

Kwetu sheria imeandikwa kwa tahadhari kubwa zaidi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ya Tanzania, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi taarifa zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa au kutumwa, na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Kenya, kupitia kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inataka cheti cha mtu anayehusika na uendeshaji wa chombo kilichotoa taarifa. Ni ulinzi wa maana, na wanasheria wetu wanaubishania kila siku. Tatizo ni kwamba migogoro mingi ya mtumishi na mfumo haifiki mahakamani. Inaishia kwenye kamati ya nidhamu, kwenye barua ya kujieleza, kwenye makato ya mshahara, au kwenye mkataba wa kibarua usiohuishwa. Huko hakuna kifungu cha 18. Huko jedwali likishachapishwa na kugongwa muhuri, mjadala umekwisha.

Kuna sura nyingine ya jambo hili ambayo wakubwa hawapendi iguswe, nayo ni nywila. Katika utaratibu wa masijala, faili lilipanda na kushuka kwa dokezo: kila aliyepitia aliandika maoni yake, akatia saini na tarehe, na aliyefuata aliyaona maneno ya waliomtangulia. Mkubwa aliyekataa aliandika sababu, na aliyekubali shingo upande aliandika pia. Mifumo mingi ya malipo na utumishi imebakiza kitufe cha kuidhinisha, ikihifadhi nani na lini huku ikiacha kwa nini. Na hata huyo nani ana mashaka, kwa sababu katika ofisi nyingi mkubwa haingii kwenye mfumo mwenyewe. Ana kijana wake. Kijana anayo nywila ya bosi kwenye daftari au kwenye simu, anaingia asubuhi, anaidhinisha kilichopangwa foleni, na bosi anapewa taarifa mchana. Wote ofisini wanajua, na hakuna anayeona ajabu, mpaka siku fedha zitakapopotea.

Kenya ilipata somo hilo hadharani mwaka 2015, ilipogundulika kwamba shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, zimeyeyuka kupitia mfumo wa fedha wa Serikali unaoitwa IFMIS. Miongoni mwa utetezi uliosikika ni kwamba nywila za maofisa zilitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo. Sitaki kurudia hapa kesi zenyewe. Ninachokiangalia ni kwamba utetezi wa namna hiyo uliweza hata kutolewa kwa uso mkavu, kwa kuwa kila aliyewahi kufanya kazi ofisini aliona unawezekana. Kwa saini ya mkono, ofisa angelazimika kudai kwamba ameghushiwa. Kwa nywila, inatosha kudai kwamba ameazimwa, na mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa tena yule kijana.

Kuna kazi nyingine ambazo zimeenda mbali zaidi, zikaondoa dirisha kabisa. Dereva wa gari la programu ya simu hana msimamizi wa kumkabili. Ana nyota alizopewa na abiria, nauli iliyokokotolewa na programu, na siku moja ana akaunti iliyofungwa pamoja na ujumbe wa mistari miwili. Dola yenyewe ilipojaribu kuingia katikati, ilionekana jinsi uwanja ulivyo. LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, ilipoweka mwaka 2022 ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni wanazokatwa madereva, kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania mwezi Aprili, na ikarejea mwanzoni mwa 2023 baada ya kiwango kurekebishwa. Mdhibiti angalau alikuwa na mtu wa kujadiliana naye. Dereva aliyefungiwa hana hata huyo.

Jambo la kujifunza kwa upande wa kheri limetoka Kenya pia. Mwishoni mwa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, ambalo Serikali ilikuwa imehamishia kwake maelfu ya huduma, lilishambuliwa, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Wageni waliotakiwa kuomba viza kwa mtandao hawakuweza. Serikali ikaamua kwamba watapewa viza wakishafika. Uamuzi huo ulikuwa mdogo, lakini uliwezekana kwa sababu alikuwepo mtu mwenye mamlaka ya kusema kwamba leo tunafanya kazi nje ya mfumo, na pale kwenye meza za uhamiaji walikuwepo maofisa wanaojua kufanya hivyo.

Hospitali ya wilaya haina fursa hiyo, na hakuna sababu ya msingi ya kuinyima. Waraka mmoja ungetosha kumpa mganga mfawidhi ruhusa ya kuandika kwa mkono kwamba mgonjwa fulani amelipa, ujumbe wake umeonekana, kipimo kifanyike, na hesabu zilinganishwe kesho. Atakayeitumia vibaya ruhusa hiyo atajulikana kwa jina na saini. Kinachowazuia waandishi wa waraka huo, kwa maoni yangu, ni hofu kwamba ruhusa yoyote ya mwanadamu ni mwanya, hofu iliyozaliwa na miaka ya vitabu vya kaboni. Inaeleweka. Lakini imetufikisha mahali ambapo tunamwamini daktari kumpasua mtu tumbo na hatumwamini kuthibitisha malipo ya eksirei.

Lililo gumu zaidi ni upande wa mikataba. Taasisi inapotangaza zabuni ya mfumo, orodha ya masharti huwa ndefu kuhusu kasi, usalama na ripoti za viongozi. Linapaswa kuwepo sharti jingine: mtumishi anayedaiwa au kutuhumiwa kwa taarifa za mfumo apewe, ndani ya siku zilizotajwa, kumbukumbu kamili za kilichofanyika kwa jina lake, pamoja na kila aliyeingia kubadili chochote na makosa ya programu yaliyokwisha kuripotiwa kwa mtengenezaji. Kumbukumbu hizo kwa kawaida tayari zinahifadhiwa, hivyo si kazi mpya ya kuandika programu. Watengenezaji watapinga kwa hoja ya usalama wa mfumo, na hoja hiyo ina uzito kwa nywila na mipangilio ya seva. Haina uzito kwa orodha ya risiti ambazo mkusanyaji wa sokoni anakatwa mshahara kwa ajili yake.